Kicheko cha Msomaji: Punch na Dhima ya Shahidi Chuoni

Makala haya yanakusudia kujadili swali moja la kimaadili: je, anayeshuhudia mwenzake akidhalilishwa chuoni, naye akanyamaza, ana hatia? Swali hili ni la kisheria, lakini ni la kifasihi vilevile, kwa kuwa mfano wake mchungu katika Afrika Mashariki ulihusu maandishi.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam palikuwa na desturi iliyoitwa Punch. Maandishi na michoro ilibandikwa ukutani pasipo jina la mtunzi. Wapo walioiona kuwa ni tashtiti dhidi ya wenye mamlaka. Hata hivyo, iligeuka kuwa fimbo ya kuwachapia wanafunzi wa kike. Mnamo Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa chuo hicho, alijiua baada ya kuandamwa na wanafunzi wa kiume. Wanahabari wanawake wa TAMWA walilivalia njuga suala hilo. Tanzania ilitunga sheria mahususi ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998, na Kenya mwaka 2006.

Ni nani basi wa kuwajibika kwa matini yasiyo na mtunzi? Mwaka 1967 Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi, akamkabidhi msomaji mamlaka ya kuzalisha maana. Tukiikubali hoja hiyo, hatuna budi kulikubali na tokeo lake: aliyesoma akacheka ndiye aliyeyapa maandishi yale nguvu. Karatasi isiyochekwa na yeyote hubaki karatasi.

Huenda ikapingwa kwamba aliyenyamaza aliogopa zamu yake isifike. Pingamizi hili ni zito, na woga hupunguza hatia. Lakini woga wa mmoja huzaliwa na kicheko cha wengi. Kwa hiyo wajibu wa kusema humwangukia kwanza yule ambaye kusema hakumgharimu sana. Vivyo hivyo kuhusu kuficha jina: mlalamikaji mnyonge anahitaji ngao hiyo, mwenye nguvu akiitwaa, huigeuza kuwa silaha.

Katika masomo ya uzamili na uzamifu, ukuta umebadilika sura. Sasa ni chumba cha semina na ofisi ya msimamizi. Tumfikirie mwanafunzi aliyetoka Kosele kwenda kuandika tasnifu mjini. Maendeleo yake yanategemea saini ya mtu mmoja. Akikejeliwa kwa lafudhi yake, au akisemwa kwa mwili wake, wenzake hutabasamu, na kejeli hiyo hupewa jina tukufu la uhakiki.

Sisi tunaofundisha uhakiki hatuwezi kulikubali jina hilo. Uhakiki hulenga kazi, si mwili wa aliyeiandika, hutoa sababu, humpa mhakikiwa nafasi ya kujibu, na mhakiki huyakiri maneno yake. Punch ilikosa sifa hizi zote, na kejeli ya semina hukosa tatu za mwanzo.

Tunahitimisha kwamba shahidi anayo hatia, ingawa hailingani na ya mtendaji, na kwamba hukua kadiri cheo chake kinavyokua. Mhadhiri anayesikia kejeli akaendelea na mada ameshaifafanulia semina yake maana ya uhakiki. Wahenga walituasa tuzibe ufa. Katika taaluma yetu, ufa huo huanzia kwenye kicheko cha kwanza.