Sara Hakukemewa kwa Sababu ya Mwili Wake

Naona kina baba wengine wameangalia saa waliposikia kichwa cha somo. Kaeni. Ni lenu pia.

Tuko Mwanzo 18. Wageni watatu wako chini ya mti kwa Ibrahimu, Sara yuko mlangoni mwa hema, anasikiliza. Kabla hatujaambiwa kwamba alicheka, tunaambiwa jambo ambalo sisi hunong'onezana jikoni tu: hedhi yake ilikuwa imekoma. Limeandikwa wazi, wala halikuandikwa kama dhambi. Ibrahimu ndiye aliyeulizwa kwa nini Sara alicheka. Kuhusu mwili wa Sara hakukemewa mtu hata kwa neno moja. Mnanipata?

Sasa wacha nitubu mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alinijia baada ya kesha. Halali. Usiku analowa jasho mpaka anabadilisha shuka, moyo unamwenda mbio, anawafokea watoto kwa jambo dogo halafu analia peke yake. Nyumbani walishasema ni jini. Mimi nikasema ni roho ya hasira. Nikamwekea mikono, nikakemea mpaka sauti ikakauka, nikamwagiza afunge siku tatu. Akafunga. Akarudi vile vile, ila sasa na aibu juu yake, kwamba hana imani. Kisha akaacha kuja.

Nilipofika miaka 47, likanipata mimi. Mwanzoni nililaumu Machi, sindio? Mnajua joto letu hapa Nyali. Halafu ikaja Julai, kusi inavuma, watu wamejifunika leso asubuhi pale soko la Kongowea, nami nimesimama mbele ya nyanya jasho linatiririka kama nimemwagiwa ndoo. Muuzaji, mama mtu mzima, akaniangalia. "Mama, ni umri huo. Hata mimi nilipitia." Hakunikemea. Alinipa kiti.

Nikaenda klinika. Huko nilielezwa kwamba kwa wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa imekoma mwanamke akimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake. Lakini mwili huanza safari hiyo miaka kadhaa kabla. Homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpango, na sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huchanganyikiwa. Ndiyo maana unaungua ghafla, kisha unatetemeka. Usingizi unakatika, jina la mtoto wako linapotea mdomoni, viungo vinauma. Uke unakauka, na tendo la ndoa linakuwa maumivu. (Baba, mkeo akikugeuzia mgongo usidhani amepata mwingine. Muulize.) Na mimba bado inaweza kushika katika miaka hiyo, bila hata malaika kuja kutangaza.

Mimi nilisaidiwa na mambo madogo: nguo za pamba, feni, maji baridi kando ya kitanda, kutembea ufuoni alfajiri, kupunguza kahawa na pilipili jioni, na kwa mtu wa Pwani hiyo ni mfungo kamili. Mifupa hupungua nguvu haraka wakati huu, kwa hiyo maziwa na omena. Wengine hupewa dawa za homoni, na zinasaidia sana. Hazimfai kila mtu, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda mishipani, kwa hiyo haziazimwi kwa jirani. Pimwa pia presha na sukari, maana jasho na moyo kwenda mbio vina sababu nyingine.

Hili nalisema kwa ukali. Ukishamaliza miezi 12 kisha ukaona damu, hata tone, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Na hata kabla ya hapo, damu inayojaza pedi kila saa si ya kuvumilia. Mara nyingi sababu ni ndogo, lakini inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba, na ikigunduliwa mapema hutibika. Yule mama wa Marko 5 alitokwa damu miaka 12. Tusimfanye dada yetu asubiri hivyo kwa kumwambia kwamba daktari ni kukosa imani.

Bado ninaombea wagonjwa, mnanijua. Bado naweka mikono. Ila siku hizi nauliza kwanza: una miaka mingapi, mama? Umelala?

Yule mama nilimtafuta. Nikapiga magoti sebuleni kwake. Hakusema amenisamehe siku hiyo. Alisema, "Mama Mchungaji, mimi nilidhani Mungu amenichoka." Tukakaa kimya, kisha akachemsha chai. Mwezi uliofuata tulipanda matatu sisi wawili mpaka klinika.

Amerudi ibada ya pili. Hukaa karibu na feni. Mwachieni kiti hicho.