Ringi Zilizoshika
Andiko: Zaburi 32:1-5



Mnakumbuka Novemba 2023, Tana ilipofurika na barabara ikamezwa na maji kati ya Madogo na Garissa mjini. Nilikuwa natoka Nairobi nikirudi hapa Modogashe. Abiria tulikuwa tunavushwa kwa boti, na boti niliyoingoja mimi ilikuwa na injini kuukuu iliyonguruma bila kusukuma. Ndiyo sababu nililala Madogo.

Fundi alikuwa mtu wa Kipini, kule Tana inakoingia baharini. Mimi nilisomea biashara, injini sizijui, lakini nilikaa nikatazama. Aling'oa plagi zote mbili, akabana geji kwenye tundu, akavuta kamba. Silinda ya juu ikasoma 110. Ya chini, 60. Nikamuuliza, sasa mbona inanguruma hivyo?

"Kunguruma itanguruma, kaka," akasema. "Cheche iko, petroli iko. Lakini pistoni ikipanda kukandamiza, hewa yachoropoka pembeni."

Pistoni huzungukwa na ringi, vyuma vyembamba vinavyoziba nafasi kati yake na ukuta wa silinda. Injini zile petroli yake huchanganywa na oili, na miaka ikipita masizi huganda kwenye mifereji ya ringi. Ringi zinashika. Hazijavunjika, ziko mahali pake, ila hazitanuki tena kugusa ukuta. Kwa nje huoni kitu.

Sasa sikilizeni hapa. Alitia oili kama kijiko cha chai kwenye ile silinda dhaifu, akapima tena. 95! Nikasema haleluya, twende zetu. Akacheka. Oili imeziba kwa muda tu, akasema. Ikiungua tutarudi pale pale, na labda tutakuwa katikati ya maji. Aliitia ili ajue ugonjwa uko wapi.

Mpendwa, Jumapili tunapakwa mafuta hapa, tunaruka, geji inapanda. Jumanne tuko 60. Sisemi mafuta ni mabaya, mimi mwenyewe nawapaka. Lakini kuna mahali hewa inatoka. Daudi alinyamazia dhambi yake, na kiti cha enzi bado alikuwa amekikalia, huku mwili ukichakaa na nguvu zikikauka kama ardhi wakati wa kiangazi. Kiangazi sisi wa Modogashe hatuhitaji kufafanuliwa.

Yule fundi alimimina dawa ya kuyeyusha masizi kupitia matundu ya plagi, akazungusha kidogo, akaacha usiku kucha. Asubuhi alifunika matundu kwa kitambaa, akavuta kamba, na uchafu mweusi ukatoka, jamani, na harufu yake! Alipoiwasha, moshi ulitufukuza wote pale ukingoni. Ilipotulia akapima: 100. Aliniambia ukuta wa silinda ungekuwa umechubuka, dawa isingefaa kitu, ingebidi kuifungua yote. Tulivuka saa nne.

Daudi naye, mstari wa 5, aliacha kuficha. Na mimi leo natoa moshi wangu.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nilichukua shilingi 14,000 za mfuko wa ujenzi nikamlipia mdogo wangu karo. Kitabuni niliandika saruji. Septemba nilizirudisha zote, nikaandika sadaka ya mgeni. Hapakuwa na saruji, hapakuwa na mgeni. Aliyesomea hesabu anajua kuificha vizuri, na hakuna aliyegundua. Tangu hapo nimekuwa nikihubiri kwa sauti kubwa kuliko zamani. Mke wangu aliniuliza, "Baba, mbona siku hizi unapiga kelele hivyo?" Sikuwa na jibu.

Alhamisi nilimwambia Mchungaji Kiongozi, kisha wazee. Kitabu wamekichukua, na wamefanya vyema. Kama mtaona nisihubiri kwa muda, nitakaa pale nyuma na nyinyi.

Baada ya ibada kitabu kitakuwa mezani, kurasa za Agosti na Septemba zimewekwa alama. Njooni mtazame, mniulize. Na mwenye lake la kusema, Mchungaji yuko ofisini hadi saa kumi na mbili jioni. Mlango wa upande wa tangi la maji uko wazi, huko hakuna anayepita.