Kabla ya "a" kuna nini?



Wapendwa vijana, leo naomba niwashirikishe kosa langu.

Baada ya kumaliza falsafa nilitumwa parokiani kwa mwaka wa kichungaji, nikapangiwa kusaidia darasa la awali. Siku moja nikaandika ubaoni a, e, i, o, u. Mtoto mmoja wa miaka mitano akanyoosha kidole: "Frateri, kabla ya a kuna nini?"

Watoto zaidi ya hamsini, kelele, muda wa uji umekaribia. Nikamjibu, "Nyamaza, fuatisha." Akanyamaza. Shida ni kwamba aliendelea kunyamaza. Wiki mbili nzima hakunyoosha tena kidole.

Jamani! Mimi niliyesoma kwa Aristotle kwamba falsafa huanzia kwenye kustaajabu, nikaizima hamu ya mtoto kwa neno moja.

Mama yake alipokuja kumchukua akaniuliza, "Frateri, mbona wenzake wanasoma, huyu bado?" Mwalimu wa darasa yeye aliogopa muhula utaisha mada hazijaisha. Nikawauliza watoto wenyewe: shuleni kuna nini? Wakajibu: uji, bembea, marafiki, kuchora. Darasa ni lile lile, ila kila mmoja analiona kivyake.

Sasa fungua Luka 2:41-52. Yesu ana miaka 12. Maria na Yosefu wanamtafuta kwa uchungu, walimu wanashangazwa na akili yake, na Yeye anashangaa kwamba alitafutwa. Kumbe hata hekaluni hawakuona jambo moja! Lakini angalia alikuwa akifanya nini: ameketi, anasikiliza, anauliza. Neno wa Mungu anauliza maswali, na wale walimu hawamnyamazishi. Wazazi wake hawakumwelewa, ila Maria aliyaweka yote moyoni. Naye akarudi nao Nazareti, akawatii, akazidi kukua katika hekima. Swali lake halikuondoa utii wake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Gravissimum Educationis la mwaka 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Vijana wenzangu, siku si nyingi wazazi, walimu, mapadre na watawa hao tutakuwa sisi. Tuanze kujifunza sasa.

Mimi nilimrudia yule mtoto. Nikachuchumaa, nikamwambia, "Lile swali lako, samahani, sikukusikiliza. Wewe unaonaje?" Akafikiri kidogo. "Kabla ya a, unafungua mdomo kwanza."

Kweli kabisa!

Leo mdogo wako akirudi shule, kabla ya kumuuliza "umepata ngapi?", muulize, "Leo umeuliza swali gani?" Halafu subiri jibu.

Tusali: Ee Yesu, uliyeketi katikati ya walimu ukisikiliza na kuuliza, utusamehe pale tulipowafunga wadogo midomo. Utupe subira ya Maria na Yosefu. Amina.