Neno la Mgonjwa: Tumtii Mwenzi au Tuutii Ugonjwa?

Wahenga walinena: Mgonjwa haulizwi uji. Maana yake, aliye hoi hana nguvu za kuchagua. Ampendaye humpikia na kumnywesha pasipo kungoja aagize. Neno hili ni jema. Lakini tena twajua ya kuwa mwanadamu si mzigo wa kubebwa huku na huku. Ana nia yake na kauli yake, na mume na mke wameagana kusikilizana. Je, mwenzi akiugua hata akili yake ikachafuka, tumsikilize au tusimsikilize? Swali hili si la kuchezea maneno. Katika ugonjwa wa ini uliokomaa huja siku ambayo uhai wa mtu wategemea jibu lake.

Kwanza yatupasa kuujua ugonjwa wenyewe. Ini liko upande wa kuume wa tumbo, chini ya mbavu. Husafisha damu itokayo matumboni, hutengeneza vitu vya kugandisha damu, na huweka akiba ya nguvu ya mwili. Likidhuriwa miaka mingi hufanya makovu, likawa gumu, wala damu haipiti vema ndani yake. Yaletayo madhara hayo si pombe peke yake. Viko virusi vya homa ya ini aina ya B na C. Yako mafuta yanayojaa katika ini, hasa kwa wanene na wenye kisukari. Na kandokando ya Ziwa Victoria kiko kichocho cha matumbo, ambacho huziba njia za damu katika ini. Basi amwonaye jirani amevimba tumbo akasema papo hapo, "Huyu ni mlevi," au, "Huyu amelogwa," ahukumu jambo asilolijua.

Dalili zake mtu wa nyumbani aweza kuziona kabla ya tabibu. Macho huwa manjano, na mkojo huwa na rangi ya chai. Miguu huvimba, tumbo hujaa maji, huku mabega na mikono ikikonda. Mwili huwasha, fizi hutoka damu. Mwenzi aliye macho hupunguza chumvi ya chungu, kwa kuwa chumvi huyashika maji mwilini. Chumvi yote ya siku isipite kijiko kimoja cha chai, tena samaki wa chumvi waachwe. Mgonjwa apimwe uzito asubuhi kwa asubuhi, maana uzito ukipanda upesi maji yanaongezeka. Wala asinyimwe chakula. Zamani wagonjwa hawa walikatazwa nyama, mayai na maharage. Siku hizi matabibu wameona ya kuwa kunyimwa huko huwadhoofisha. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na kabla ya kulala apewe uji. Dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zisitumiwe, wala mizizi isiyojulikana nguvu yake. Akitapika damu, au akitoa choo cheusi kama lami, au akishikwa na homa au maumivu ya tumbo, apelekwe hospitali saa ile ile.

Sasa twalifikia neno lenyewe. Ini lishindwapo kusafisha damu, sumu itokayo matumboni, mojawapo ni amonia, hupita mpaka ubongoni. Hapo mtu hubadilika. Hulala mchana na kukesha usiku. Husahau, huuliza jambo moja mara tatu. Aliyekuwa mpole huwa mkali, aliyekuwa msafi huacha kujitunza. Akinyosha mikono na kuinua viganja, viganja hupigapiga kama mbawa za ndege. Mwandiko wake huharibika. Kwa hiyo yafaa kumpa karatasi kila siku aandike jina lake, na kulinganisha la leo na la jana. Dawa itumikayo sana ni laktulosi, maji matamu ya kunywa, ambayo huiondoa sumu ile kwa njia ya choo. Kwa kawaida hutakiwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Pungufu ya hapo sumu hukaa. Kuhara kupita kiasi nako hukausha mwili, na kumdhuru vile vile. Tena akili ikichafuka ghafula, hapana budi sababu itafutwe: kufunga choo, homa, damu iliyomwagika tumboni, kupungukiwa maji, au dawa za usingizi.

Tuseme, basi, mume mmoja mwenye adabu. Usiku ameamka akimtukana mkewe, akimwita mchawi anayemtilia sumu kikombeni. Akataa dawa, akataza kupelekwa hospitali. Mke amezoea kumheshimu mumewe miaka yote. Afanyeje?

Wako watakaosema: Mume amekwisha kunena, mke na atii. Wengine watasema: Mgonjwa ni kama mtoto, asiulizwe neno tena. Sisi twaona wote wawili wamekosa njia. Kauli huwa ya mtu itokapo katika ufahamu wake. Mtu mwenye homa kali akiuza shamba lake huku akiweweseka, wazee wa haki hawayakubali mauzo hayo, hata kama mdomo uliosema ni wake. Hawamdharau kwa kukataa. Wanamlindia mali yake mpaka atakapoamka. Vivyo hivyo mke yule. Akiifuata sauti ya usiku ule hamtii mumewe, bali autii ugonjwa. Amtii mumewe kwa kulifanya lile ambalo yeye mwenyewe alilitaka alipokuwa na akili timamu. Neno hili ni lile lile kwa mume ambaye mkewe ameugua.

Walakini mithali ya uji si ruhusa ya kumnyamazisha kila mgonjwa. Akiwa analala vema usiku, akijua siku na mahali, mwandiko wake ukiwa sawa, naye akasema, "Nimechoka kutolewa maji tumboni, nataka kukaa nyumbani mwangu," hilo ni neno lake, nalo halikutoka katika sumu. Huenda likatuumiza. Twaweza kumsihi, twaweza kumwita tabibu amweleze yatakayofuata. Lakini tukisema, "Ugonjwa ndio unaosema," kwa sababu tu hatulipendi neno lake, twamnyang'anya kitu ambacho ini bovu halijamnyang'anya.

Kwa hiyo twasema kuzijua dalili si kazi ya tabibu peke yake. Ni sehemu ya uaminifu wa ndoa. Asiyezijua atakosa huku na huku: ataishika kauli ya sumu kana kwamba yatoka moyoni, au ataitupa kauli ya moyo kana kwamba ni ya sumu. Na palipo shaka, maana akili ya mgonjwa huyu huja na kwenda, na tuchague lile liwezalo kurudiwa. Aliyepelekwa hospitali leo aweza kukataa kesho akili ikimrudia. Aliyeachwa afe leo hana kesho ya kubadili shauri.

Na matusi je? Wengi hudhani kwamba mke mwema atamwambia asubuhi, "Nimekusamehe." Twaona si vema. Msamaha ni wa deni, na hapa hapana deni. Kumwambia mtu amesamehewa neno ambalo hakulinena kwa nia yake ni kumtwika hatia isiyo yake. Yatosha kumwambia, "Jana ulikuwa mgonjwa sana, leo hujambo." Lakini uchungu wa mke ni wa kweli, wala hauondoki kwa kuelezwa habari za amonia. Apate ndugu au mzee wa kusanyiko wa kumsikiliza, tena apate mtu wa kumpokezana zamu, walau alale usiku mmoja. Mtumishi asiyelala huchanganya dawa.

Kuna deni la namna nyingine. Huenda mgonjwa aliliharibu ini lake kwa pombe, na pamoja nalo akaharibu fedha na amani ya nyumba. Hapo kosa lipo, na msamaha una kazi yake, kwa wakati wake, pande zote mbili zikinena kweli. Lakini dawa si mshahara wa mwenendo mwema. Hatungoji hesabu za zamani zimalizwe ndipo tumpe kikombe. Wala kwa huruma ya uongo hatumnunulii pombe, maana kuiacha kabisa kwamfaa hata sasa. Ila aliyezoea kunywa sana kila siku aiache chini ya uangalizi wa tabibu, kwani kuikatiza ghafula kwaweza kumletea degedege na hatari ya kufa.

Basi yafaa nini? Mficha maradhi kifo humwumbua. Wakati akili ingali timamu, mume na mke waketi pamoja na tabibu na ndugu mmoja mwaminifu, wapatane: siku nitakapochafuka akili, mnipeleke wapi, mnifanyie nini, na nini msinifanyie. Liandikwe, ili usiku wa taabu mke asishindane na jamaa peke yake. Na kama ugonjwa ni wa virusi aina ya B, mwenzi na watoto wapimwe, na wasio nao wachanjwe. Wala wembe na mswaki visitumiwe na watu wawili. Watoto wachanga wa Tanzania hupewa chanjo hiyo tangu mwaka 2002, lakini wengi wa wazazi wao walizaliwa kabla yake.

Nanyi walimu wa kusanyiko, mtakapoitwa katika nyumba ya namna hii, msianze kwa kuuliza nani alikosa. Ulizeni kama mgonjwa amelala usiku, na kama amepata choo leo, na kama dawa ingalipo. Kisha mwulizeni mkewe kama yeye naye amekula.