Kabla Hamjapima Maegesho

Wanangu, ramani yenu nimeiona. Mmeipaka rangi vizuri: kijani kwa Karura, kijani kwa Sigiria, kijani kidogo kwa City Park, na vitone vya njia za miguu vinavyounganisha sehemu hizo. Kando ya kila lango mmechora mraba wa kijivu, na maneno yenu yote ya leo yamezunguka miraba hiyo. Magari mangapi? Lami au kokoto? Ada akusanye nani? Nimewasikiliza mpaka chai imepoa. Sasa nipeni nafasi.

Karura ni kama hekta 1,000 za msitu ndani ya jiji la Nairobi, na ulitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ninyi mmeujua kwa baiskeli na maporomoko ya maji. Sisi tuliujua wakati mtu mwenye akili zake hakuingia humo peke yake. Januari 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikwenda na wenzake kupanda miche, kwa sababu sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa watu wa kujenga majumba. Walipigwa, naye akatoka na jeraha la kichwa. Ikaja Sheria ya Misitu ya 2005, ikawapa wananchi ruhusa ya kuunda vyama vya kusimamia misitu pamoja na serikali. Hapo ndipo chama cha Friends of Karura kilipopata mlango wa kufanya kazi na Shirika la Misitu. Uzio wa umeme ukazungushwa, na vijana wa vitongoji jirani kama Huruma wakapewa kazi ya ulinzi. Basi mtu anaposema hapa, kwa wepisi, "tukate kidogo tu pale langoni tuongeze magari," mimi hunyamaza kwanza, nisije nikamjibu vibaya.

Sikatai maegesho. Kuna wazee wa magoti kama yangu, kuna wenye viti vya magurudumu, kuna basi la shule lenye watoto hamsini. Hao wapewe nafasi ya karibu na lango, tena iandikwe hivyo, isiwe ya kuombwa kwa askari. Wengine waweze kutembea kidogo. Gigiri, mtaa jirani wa msitu, imejaa ofisi, na viwanja vyake vya magari hulala vitupu Jumapili. Mmewahi kubisha hodi kwa hao majirani mkaomba makubaliano ya mwisho wa wiki? Kuomba ni bure. Kung'oa mti si bure.

Lakini tabu yenyewe haiko kwenye magari. Ndani ya uzio mwenye mamlaka ni Shirika la Misitu. Nje ya lango, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne imezipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, usafiri wa umma na maegesho. Barabara kubwa nazo zina mamlaka zake za taifa. Mama anayeshuka matatu na mtoto mgongoni hupita kwa wenye mali wote hao kwa hatua chache, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye atakayemjengea njia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye gari amesemewa leo tangu asubuhi; huyu mama hakutajwa.

Sigiria na Karura ni msitu mmoja uliopasuliwa na Barabara ya Limuru. Vitone vyenu vinairuka barabara hiyo kwa raha, kama panzi. Nendeni mkasimame pale saa kumi na moja jioni, magari yakitoka mjini, mjaribu kuvuka kwa mwendo wa mtu mzima, si kwa mbio za ujana wenu. Mkirudi mtaniambia kama vitone vinatosha, au panahitajika kivuko chenye taa, tuta la kupunguza mwendo, na kisiwa katikati cha kupumzikia. Njia inayokatika barabarani ni njia mbili fupi, na anayetembea atazitumia hivyo: atazunguka upande wake, arudi nyumbani.

Wala msiniambie hakuna fedha. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera yake ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya fedha zake za usafiri kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Ahadi hiyo haikuandikwa na adui yenu. Itoeni kabatini, muiweke mezani siku ya bajeti, na mkiulizwa mnataka nini, onyesheni kile kivuko.

Na kuna jambo limenikera zaidi: katika kikao hiki sijaona mtu wa kaunti jirani ya Kiambu. Ruaka iko Kiambu. Tazameni maghorofa yaliyoota pale, familia juu ya familia, na watoto wanachezea ngazi. Hao ndio watakaokuja Karura kila Jumamosi, na kwa baiskeli si safari ya kutisha. Lakini mkijenga njia safi ya miguu kutoka langoni hadi mpaka wa kaunti, kisha ikaishia kwenye matope, watakuja kwa gari. Wakija kwa gari mtaitisha kikao kingine cha maegesho, nami sidhani nitahudhuria. Mpaka wa kaunti uko kwenye karatasi, miguu haiujui.

Kwa hiyo mtu wa Nairobi aandike barua Kiambu wiki hii, nakala iende kwa Shirika la Misitu na kwa mamlaka ya barabara. Msiwaalike hotelini. Andikeni saa na steji: Ruaka, Jumamosi, saa mbili asubuhi. Kila afisa ashuke garini hapo, atembee mpaka langoni, na karani aandike kila mahali ambapo mkuu amelazimika kushuka barabarani kwa kukosa pa kukanyaga. Orodha hiyo ikiwa tayari, nileteeni. Miraba ya kijivu tutaipima baada ya hapo.