Akamtoa kwanza kwenye umati

Katika Marko sura ya 7 Yesu analetewa kiziwi huko Dekapoli. Kabla ya kumgusa masikio, anamtoa kwanza kwenye umati, wakawa peke yao. Wahubiri tunakimbilia muujiza. Leo tubaki kwenye hatua hiyo ya kwanza, ya kumtoa mtu kwenye kelele.

Kuna mzee hapa Sinza ambaye watoto wake walichangishana wakamnunulia vifaa vya usikivu. Haukupita muda, vikaishia kabatini. "Vyombo navisikia, bodaboda nazisikia, maneno siyapati," aliniambia. Nyumbani wakamwita mbishi. Si mbishi jamani! Uzee huanza kula sauti nyembamba, za s, t na f, irabu zikabaki. Ukimwambia aje saa tisa, anasikia mvumo wa neno, ila hajui ni tisa au sita. Kifaa humrudishia sehemu ya sauti hizo, lakini hakioteshi upya vinyweleo vilivyokufa ndani ya sikio, tena kinakuza na feni, na televisheni, na muziki wa baa za Shekilango. Ubongo nao huhitaji wiki kadhaa, pengine miezi, kuzoea tena kuchambua maneno. Kwa hiyo avivae vifaa vyake kila siku, na arudi kwa mtaalamu virekebishwe.

Kazi iliyobaki ni yetu. Zima redio. Msogelee, maana ukiwa karibu sauti yako inapanda masikioni mwake huku kelele za chumba zikibaki vilevile. Mtazame, aone midomo yako. Usimfokee, kufoka kunapinda maneno. Asipokupata, sema tena kwa maneno mengine, na kamwe usimjibu "basi, achana nayo". Neno hilo linamtoa mzazi nyumbani kwake angali amekaa sebuleni.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Kwenye mabenchi yetu wamo, wanaitikia "Amina" kwa kutazama midomo ya jirani.

Kuanzia Jumapili hii, mabenchi mawili ya mbele, upande usio na spika, ni ya wazee wetu. Mpiga kinanda atanyamaza wakati wa neno na matangazo. Na jumuiya zikienda kuwatembelea, aongee mmoja mmoja.