Redio Iliyobeba Majina ya Watu

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika Julai 1951, enzi za Mwingereza, ikiwa kituo kidogo cha majaribio ambacho matangazo yake hayakufika mbali na mji. Tarehe 1 Julai 1956 kikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965, nchi ikiwa imeshajitawala, serikali ililivunja shirika hilo na kuiweka redio chini yake. Ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na wasikilizaji wakalifupisha jina: RTD.

Ilirusha matangazo kwa masafa ya kati na masafa mafupi. Mawimbi ya masafa ya kati hutambaa juu ya ardhi mchana. Usiku hudunda angani na kuangukia mbali sana, ndiyo maana giza likiingia stesheni za nchi jirani zilianza kuingiliana na RTD. Mwenye redio aliigeuzageuza mpaka sauti itulie. Betri zikichoka zilianikwa juani, zipate nguvu ya kufikisha taarifa ya habari ya jioni.

Kutoka studio za RTD wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji na ANC ya Afrika Kusini walizungumza na watu wao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza: redio inafunguliwa, kitabu kinasomwa, kikundi kinajadiliana, kisha vyoo vinachimbwa. Ni vigumu kutaja chombo kingine kilichowahi kuwafikia Watanzania wengi namna hiyo na kuwaacha na jembe mkononi.

Hata hivyo, kilichoifanya RTD ipendwe ni majina ya watu wa kawaida. Kadi za salamu zilijazwa kwa kalamu, zikatumwa kwa posta, na mtangazaji akazisoma moja baada ya nyingine bila kuruka jina. Yalipofika matangazo ya vifo, nyumba nzima ilinyamaza. Lilitajwa jina la marehemu, kijiji na siku ya maziko, kisha orodha ya wanaopaswa kujua: kaka aliyeko Tanga, shangazi wa Tabora, mjomba ambaye hakuna aliyejua amehamia wapi, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Kabla ya simu kuenea, watu walifunga safari za mazishi kwa kusikia tangazo hilo tu. Mkulima aliyeishi na kufa bila jina lake kuandikwa gazetini alitajwa mbele ya nchi nzima, kwa sauti ileile iliyosoma habari za Rais. Hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu redio binafsi, na mwaka uliofuata Radio One ikaanza. Vijana walihamia FM, yenye sauti safi isiyokoroma usiku. Baadaye RTD iliunganishwa na televisheni ya taifa katika Taasisi ya Utangazaji Tanzania, ambayo nayo ikawa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Jina la RTD likakoma.

Kanda za NUTA Jazz, Mlimani Park na bendi nyingine zilizorekodiwa katika studio zake zimebaki maktaba. Imebaki pia ngoma ya Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona aliyezimudu ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Ndiyo iliyotangulia taarifa ya habari ya RTD, na TBC ikairithi.